Mguu wangu unafuata vidole: mdundo wa bagipaipu unajengwaje?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 20, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Kikundi chetu ni cha matarumbeta, tunapiga kwenye harusi na maandamano. Tulipewa bagipaipu moja, ile ala ya Uskoti ya mfuko wa hewa, na chanta 2 za mazoezi (chanta ni bomba la matundu linalopigwa kwa vidole; ya mazoezi haina mfuko), na kazi ya kujifunza nikaachiwa mimi. Sasa nina miezi 11. Vidole vinazijua nyimbo 5 na noti nasoma, lakini mdundo umenishinda.

Kaka anayepiga ngoma kubwa, ambaye namheshimu sana, anasema penye noti nyepesi nakimbia na penye madoido, zile noti ndogo za haraka za kupamba wimbo, nachelewa. Mguu napiga chini kama nilivyoelekezwa, ila nikijirekodi nasikia wazi kwamba mguu unafuata vidole, si vidole vinavyofuata mguu. Nimeweka programu ya metronomu, inayolia mapigo yaliyo sawa, kwenye simu. Kwa chanta ya mazoezi tunaachana baada ya mistari 2. Nikishika bagipaipu yenyewe siisikii kabisa. Kuna wimbo wa 2/4 (kila pigo linagawika mara 2 au 4) nimeufanyia kazi sana, mwenzangu mmoja akausikia akauliza kama ni 6/8 (kila pigo linagawika mara 3). Tukiunganika na matarumbeta ndiyo inakuwa vurugu tupu, vidole vinafungana.

Wapo wanaosema mdundo mtu anazaliwa nao. Kama ni hivyo niambie niache. Kama sivyo, nielekeze nifanye nini katika saa 1 ninayoipata kila siku, na nitajuaje kwamba nimefika.

Wako, Mpiga Chanta, Ngamiani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiache. Mtu anayeweza kupiga makofi kwenye maulidi bila kumvuruga mpiga dufu, au kupiga kwata bila kumkanyaga aliye mbele yake, mdundo anao tayari. Ulichokosa ni njia ya kuutoa mdundo huo mwilini ukafika kwenye vidole, na njia hiyo kwenye bagipaipu ni nyembamba kuliko kwenye chombo kingine chochote mlicho nacho kikundini.

Tazama wenzako. Mpiga tarumbeta akitaka pigo lisikike analigonga kwa ulimi na kulisukuma kwa pumzi. Mpiga ngoma anaongeza nguvu ya mkono. Wewe huna hata kimoja. Mfuko ukishajaa, sauti inatoka bila kukatika na kwa ukubwa uleule. Huwezi kupaza noti, huwezi kuipunguza, wala huwezi kunyamaza katikati ya wimbo. Msikilizaji anabakiwa na mambo mawili tu ya kumwonyesha pigo liko wapi: urefu wa kila noti, na wakati hasa kidoido kinapoanguka. Ndiyo maana kosa dogo ambalo mpiga tromboni angelifunika kwa nguvu ya pumzi, kwako linasikika hadi ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo tunaanza nje ya chombo, mdomoni na mguuni, ndipo tunashuka kwenye vidole. Ukianzia kwenye vidole, mguu utavifuata tu, kwa sababu hakuna kingine cha kuufuata.

Kabla ya mazoezi, kuna jambo ambalo si kosa lako. Bendi za gwaride na matarumbeta ya harusi huzoea hatua kama 116 hadi 120 kwa dakika. Nyimbo za gwaride za bagipaipu za Uskoti hazikutungwa kwa kasi hiyo. Bendi nyingi za bagipaipu hutembea kati ya hatua 80 na 90, na mwendo wa pole hushuka mpaka karibu 60. Sababu ni madoido. Chukua doido liitwalo torlua: kabla ya noti kuu unapitisha G ya chini, D, G ya chini tena, kisha E, noti 4 ndogo. Kwa kasi ya 84, robo ya pigo ina sekunde 0.18 hivi. Kwa kasi ya 120 inabaki 0.125. Vidole vyako havifungani kwa uzembe; vinadaiwa kazi isiyoenea katika muda huo. Mwambie kaka yako wa ngoma, kwa heshima zote, kwamba wimbo wa bagipaipu aushike kwenye 84. Na mnapopiga huo, matarumbeta yapumzike, ngoma peke yake zikusindikize. Hata sauti hazitakubaliana: A ya chini ya chanta nyingi za siku hizi iko karibu na mitetemo 480 kwa sekunde, na B bapa ya tarumbeta ni 466. Zipo chanta zinazotengenezwa kwa 466 kwa ajili ya kupigwa na vyombo vingine, lakini hilo ni suala la baadaye.

Sasa mdomo. Wapigaji wa Uskoti tangu zamani huimba wimbo kabla ya kuupiga, na kwa ule muziki wao mkubwa wa kale walikuwa na silabi maalumu za kuuimba, canntaireachd kwa Kigaeli, ambazo mwalimu alimrithisha mwanafunzi kwa mdomo. Wewe imba kwa Kiswahili, ila chagua maneno kwa uangalifu, kwa sababu lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukihesabia "kushoto" au "chakacha", uzito unaangukia katikati na pigo lako litahama bila wewe kujua. Kwa noti 4 zilizo sawa sema "Tanga, Tanga": uzito uko kwenye ya 1 na ya 3, panapotakiwa. Kwa mafungu ya 3 ya 6/8 sema "Tanga na, Tanga na". Kwa noti ndefu inayofuatwa na fupi, ile ya nukta inayojaa katika nyimbo za 2/4 na 4/4, sema "pwa-a-a-ni": sehemu 3 ni za "pwa" na 1 ni ya "ni". Na kwa kinyume chake, fupi iliyo juu ya pigo kisha ndefu, ambayo utaikuta sana kwenye nyimbo za mtindo wa Strathspey, aina ya muziki wa kuchezea wa Uskoti, tunalo neno linalokaa kama limetengenezwa kwa kazi hiyo: "mto". Ile M ndiyo yenye mkazo na ni fupi, halafu "too" inavutwa. Mgeni inamchukua muda kuipata. Wewe umeisema tangu utotoni.

Hapo ndipo kosa la wimbo wako wa 2/4 lilipo. Noti ya nukta ni robo 3 za pigo na inayofuata ni robo 1. Wewe unapiga thuluthi 2 kwa thuluthi 1, na hiyo ni 6/8. Sikio la pwani limejaa 6/8. Chakacha yenyewe imo humo, kwa hiyo mkono unavutwa huko usipoulinda. Si jambo la kulionea haya, na siku utakapojifunza jigi, nyimbo za 6/8, utashukuru. Lakini katika 2/4 lazima ile fupi ichelewe zaidi ya unavyodhani na iwe fupi zaidi ya unavyodhani. Imba "pwa-a-a-ni, pwa-a-a-ni" wimbo mzima, polepole, kabla hujagusa chanta. Ukisikia umeteleza kwenda "pwa-a-ni", simama, rudi mwanzo wa mstari.

Mguu. Wengi hufundishwa kugonga chini tu, wakasahau kwamba mguu una safari mbili. Kushuka ni pigo. Kupanda ni nusu ya pigo. Kaa kwenye kiti kigumu, kisigino kibaki sakafuni, nyanyua nyayo ya mbele. Weka metronomu 60. Kwa dakika 2 usifanye lingine: chini kwenye mlio, juu katikati ya milio, na mguu ufike juu kwa wakati, usielee. Sasa una kipimo cha ile noti fupi. Katika 2/4, fupi inaingia katikati ya mguu kufika juu na kurudi chini. Ikiingia mara tu mguu unapofika juu, umerudi kwenye 6/8.

Kisha ujaribu mguu kama ni mtumwa wa vidole au la. Endelea kugonga huku unaongea: taja majina ya siku, mjibu mama anayekuuliza jambo jikoni, hesabu kutoka 30 kurudi nyuma. Mguu ukiyumba, bado haujawa wa kutegemewa, na ukiuwekea wimbo juu yake utauangusha. Zoezi hili watu hulidharau, wakalipa gharama kwa miaka. Lipe dakika 5 kila siku kwa wiki 2, na katika wiki hizo punguza nyimbo.

Mguu ukitulia, shika chanta. Piga A ya chini, ndefu, usiibadilishe. Kila mguu unapotua, nyanyua na kurudisha kidole cha shahada cha mkono wa juu: hicho ni kidoido cha G, yaani G ya juu. Kiwe kifupi kiasi kwamba msikilizaji anasikia mkato tu, hasikii noti. Na kitue pamoja na mguu, si nywele moja kabla. Kuna alama nzuri hapa: ukiwa sawasawa kabisa, mlio wa metronomu unapotea, umefunikwa na kidoido. Ukiusikia mlio, ama umewahi ama umechelewa. Piga mapigo 16 hivyo kwenye A ya chini, kisha B, C, D, mpaka F. Ukiweza, zungusha vidoido 3: G kwa shahada ya mkono wa juu, D kwa shahada ya mkono wa chini, E kwa kidole cha pete cha mkono wa juu, kila kimoja pigo lake. Utagundua kidole cha pete ni kivivu na kinachelewa. Kifanyie kazi peke yake, usiwape wenzake nafasi ya kukificha.

Baada ya hapo ndiyo madoido makubwa, na hapa nataka tukae kidogo, maana malalamiko ya kaka yako ya kuchelewa yanatoka hapa. Kuna kanuni ambayo mwanafunzi asipoambiwa hatainusa mwenyewe: katika madoido pacha, kidoido cha kwanza ndicho kinachotua na mguu, na kilichobaki kinakula muda wa noti kuu yenyewe. Pacha la C, kwa mfano, ni G, kisha C, kisha D, kisha C kuu. Ile G ya mwanzo iko juu ya pigo. Anayechelewa huwa anafanya moja kati ya mawili. Ama anaanza doido juu ya pigo lakini analivuta sana, kisha noti kuu anaipa urefu wake wote kana kwamba doido halikutumia muda wowote, hivyo pigo linalofuata linasukumwa. Ama anaogopa doido, anasita kidogo kabla yake kama mtu anayeruka mtaro. Jirekodi na usikilize noti iliyo kabla ya doido: ikiwa ndefu kuliko ilivyoandikwa, tatizo lako ni woga. Ikiwa sawa lakini pigo linalofuata limechelewa, tatizo ni uzito wa vidole.

Dawa ya yote mawili ni moja. Uvue wimbo madoido yote. Upige noti tupu, pamoja na mguu, mpaka ukae imara. Kisha rudisha vidoido vya G peke yake. Kisha rudisha doido kubwa la aina moja tu, tuseme pacha, ukiacha gripi (ni torlua isiyo na ile E) na torlua zote. Pale wimbo unapoyumba umemjua mkosaji, na mkosaji huyo anafundishwa nje ya wimbo: noti tupu mapigo 3, doido pigo la 4, tena na tena, kwa kasi ya 50. Mara 5 mfululizo bila kosa, pandisha hadi 52. Ukikosea mara 2 mfululizo, shuka 4. Doido lisilofika 84 peke yake halitafika 84 ndani ya wimbo, usijidanganye. Lile pigo la kidole kidogo mara 2 kwenye A ya chini, berli, lipe subira zaidi ya yote. Wengi huligandisha kifundo cha mkono, na kifundo kikiganda kinavuta mwili mzima.

Kuhusu kukimbia kwenye noti nyepesi, sababu yake ni ndogo lakini sugu. Noti isiyo na doido haikuzuii chochote, na vidole vinavyotoka kwenye kazi ngumu vinaifurahia na kuipita. Zinazoibiwa zaidi ni noti ndefu za mwisho wa mstari. Ziandikie namba kwenye karatasi kwa penseli, 1-2 au 1-2-3, na uzihesabu kwa mguu hadi mwisho. Pia sikiliza kelele za kupishana. Kutoka D kwenda E vidole 5 vinabadilika kwa mara moja: 3 vya mkono wa chini vinafunga, kidole kidogo kinafunguka, na kidole cha pete cha juu kinafunguka. Kimoja kikichelewa panatokea noti ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika, na sikio linaihesabu kama sehemu ya mdundo. Watu husema ni kosa la usafi wa vidole. Mimi naliita kosa la muda.

Metronomu yako, ukishaweza kukaa nayo wimbo mzima, ifanye iwe ngumu. Kama wimbo uko 84, iweke 42, ikupe pigo 1 kati ya 2. La katikati ulibebe mwenyewe. Ukizoea, geuza: mlio uuhesabu kama pigo la 2, la 1 liwe lako. Halafu mpe mwenzako simu aizime sauti kwa hatua 8 za muziki (yale mafungu ya mapigo yanayogawa wimbo, si nyayo) na kuirudisha bila kukuambia. Ukikuta bado mko pamoja, mdundo umeshaingia mwilini. Na usipige kwa kasi moja tu. Piga 70, piga 92. Polepole ndiko kugumu, maana kila nafasi kati ya noti inaonekana.

Sasa twende kwenye mfuko, kwa sababu umesema huko ndiko kunaharibika. Kwanza, usikiaji. Bagipaipu hupita desibeli 100 sikioni mwa anayepiga, hivyo simu haiwezi kushindana nayo, na wewe unapaswa kuvaa viziba masikio kila mara. Usipoteze muda kuongeza sauti ya simu. Tumia metronomu inayomulika taa, uiweke usawa wa macho, au bora zaidi mwombe mpiga ngoma ndogo akupigie pigo tupu akiwa mbele yako.

Pili, mkono. Mtu anayeanza mfuko huwa anapuliza na kubana kwa kufuata wimbo: mstari ukiisha anavuta pumzi, pigo zito likija anabana. Hapo mdundo unaingia mahali usipotakiwa, sauti inapanda na kushuka, na vidole vinaiga. Pumzi na kiwiko vinatakiwa viwe na mwendo wao, usiojua wimbo uko wapi. Kupima hili huhitaji kifaa cha bei. Nunua mpira unaoonyesha ndani wa mita 3, ule mafundi uashi wanaoutumia kupimia usawa wa ukuta. Ufunge kwenye ubao wima kwa umbo la U, mikono ya sentimita 120, mimina maji yenye rangi mpaka sentimita 60 kila upande. Ncha moja ipitishe kwenye kizibo kilichotobolewa, ukiweke kwenye kikalio (tundu la mfukoni bomba linapokaa) cha droni moja uliyoichomoa; droni ni yale mabomba yanayolia noti moja isiyobadilika. Ncha nyingine iache wazi. Ukipuliza, tofauti ya maji kati ya pande mbili ndiyo nguvu ya hewa. Kwa ridi (kilimi chembamba kinachotoa sauti) nyingi za chanta itakuwa kati ya sentimita 65 na 85. Droni nyingine zizibe. Piga E moja kwa dakika 2 ukitazama maji. Yasicheze zaidi ya sentimita 3. Kisha piga gamu nzima, yaani noti zote kwa mpangilio, kisha wimbo. Mahali maji yanaporuka ndipo mkono wako unapoimba pamoja na vidole. Ubao ukae chini kuliko mfuko, maji yasije yakarudi ndani.

Ikiwa unahitaji sentimita 90 na zaidi ili chanta ilie, ridi ni ngumu mno kwako. Mtu aliyechoka hukimbia ili amalize. Hakuna zoezi litakaloponya hilo. Badili ridi, au mwombe fundi anayeijua akulainishie. Na kagua uvujaji: ziba vikalio vyote, jaza mfuko ukakamae, subiri sekunde 30. Ukiweza kuongeza pumzi nzima, panavuja. Maungio yanafungwa kwa uzi laini uliopakwa nta. Ingawa mji wetu ni wa katani, uzi wa mkonge ni mkavu na wenye nyuzinyuzi, unaacha mianya. Utepe mweupe wa mafundi bomba utakufaa zaidi ukikosa uzi sahihi. Kwa joto na unyevu wa Tanga, piga dakika 20, pumzika, futa maji kwenye bomba la kupulizia, ndipo uendelee. Ridi iliyolowa hubadilika katikati ya wimbo, na mkono unaanza kuihangaikia badala ya kutulia.

Usirudi kwenye droni zote 3 mara moja. Wiki ya kwanza chanta na mfuko tu. Ya pili fungua droni 1 ndogo. Ya tatu zote. Kila hatua upige wimbo mmoja ambao kwenye chanta ya mazoezi unaupiga mara 2 mfululizo bila kuachana na metronomu. Wimbo usiofaulu hapo usiupandishe kwenye mfuko. Mfuko hautengenezi chochote, unatangaza tu.

Saa yako 1 igawe hivi: dakika 10 mdomo na mguu, 20 vidoido na madoido nje ya wimbo, 20 wimbo mmoja kwenye chanta, 10 kusikiliza rekodi. Hizo 10 za mwisho zina thamani kuliko unavyodhani. Usisikilize tu: cheza rekodi na upige makofi juu yake, na kila pahali makofi yako yanapolazimika kusubiri au kukimbilia, weka alama kwenye karatasi ya noti. Baada ya siku 3 utaona alama zinarundikana palepale, na kesho yake unaanzia hapo. Siku 3 za wiki, zile dakika 20 za wimbo zihamishie kwenye mfuko. Nenda ufukweni Raskazone asubuhi, au Uwanja wa Tangamano pakiwa hapana watu. Majirani wa Ngamiani nao wana haki yao ya usingizi, na wakati wa adhana shusha chombo.

Huko nje utembee. Mguu wa kushoto ndio pigo la kwanza la kila hatua ya muziki. Tembea kwanza bila kupiga, mwenzako akigonga 84, mpaka usahau kwamba unatembea. Piga noti 1 tu ukitembea. Kisha mstari 1. Kugeuka ndiko kunakoangusha watu, kwa hiyo geuka ukiwa kwenye noti ndefu mpaka uzoee. Pwani hii imepiga gwaride la ngoma ya beni tangu miaka ya 1890; kutembea kwa mdundo si jambo tunalohitaji kuazima.

Umeuliza utajuaje umefika. Mguu hautetereki ukiongea. Mlio unarudi baada ya hatua 8 za ukimya na unakukuta hapohapo. Wimbo wa 2/4 mtu mgeni akiusikia anaugongea 2/4. Na kaka yako wa ngoma anaacha kukutazama vidole, anatazama mbele. Ukifuata haya bila kuruka siku, mguu utatulia ndani ya mwezi mmoja. Madoido yatataka miezi mingi, na hilo ni la kawaida kwa kila anayepiga chombo hiki.

Lililobaki ni kuanza na kumaliza, mkiwa pamoja na ngoma. Bendi nyingi huanza hivi: ngoma ndogo hutoa mvumo wa mapigo 3, pigo la 4 kimya, mvumo wa pili wa mapigo 3, kimya, jumla mapigo 8. Mvumo wa kwanza unajaza mfuko. Mvumo wa pili unapoanza, yaani pigo la 5, unaugonga mfuko kwa kiganja droni zilie. Pigo la 7 inaingia E. Na pigo linalofuata baada ya la 8 ni noti ya kwanza ya wimbo, mguu wa kushoto. Mkikubaliana vingine na kiongozi wenu ni sawa, ili mradi kila mtu ajue namba. Lifanyeni zoezi hili la kuanza mara 10 bila kupiga wimbo wenyewe. Kumaliza ni vivyo hivyo: noti ya mwisho ihesabiwe hadi mwisho, na kwenye pigo linalofuata ulegeze kiwiko kwa ghafla na kuuvuta mfuko kutoka ubavuni, chanta na droni zinyamaze pamoja na ngoma. Droni ikiendelea kulia peke yake baada ya ngoma kukata, kiwiko kimechelewa kufunguka. Rudia mwisho huo peke yake, hatua 2 za muziki, mpaka ukatike safi.